Mkimbizi wa Uongo na Hadithi ya Kuazima: Nadharia za Mashabiki kuhusu Siri ya Reiner Braun Zikisomwa kutoka Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala hii inachunguza nadharia ambazo mashabiki wa anime hujenga ili kueleza maisha ya nyuma ya mhusika ambayo mtunzi ameyaficha. Mhusika mkuu wa uchambuzi ni Reiner Braun wa Shingeki no Kyojin, kijana anayejitambulisha kuwa mkimbizi kumbe ni miongoni mwa waliobomoa ukuta na kuwafanya wengine wakimbizi. Anatanguliwa na Tobi wa Naruto, mhusika mwenye kinyago. Usomaji umejikita katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na jiji la Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda, mahali ambapo swali la “huyu ametoka wapi hasa?” halibaki katika burudani. Hoja kuu ni kwamba pengo lililomo katika hadithi ya kubuni lina mwenyewe, yaani mtunzi aliyeliacha kwa makusudi. Pengo lililomo katika maelezo ya mtu halisi mara nyingi halina mwenyewe. Nadharia bora ya shabiki ni ile inayovuka hatua ya kumfichua mhusika na kufika katika hatua ya kumweleza. Makala inahitimisha kwa mapendekezo kuhusu ukalimani na ufundishaji wa uhakiki kwa Kiswahili.

Maneno makuu: anime, nadharia za mashabiki, upokezi, fumbo, ushuhuda, Nakivale

1.0 Utangulizi

Hadithi inayotolewa kidogo kidogo kwa miaka mingi humpa msomaji muda wa kukisia. Manga ya Shingeki no Kyojin ya Hajime Isayama, ambayo wengi huijua kwa jina la Attack on Titan, ilichapishwa sura baada ya sura kuanzia 2009 hadi 2021. Naruto ya Masashi Kishimoto ilianza 1999 na kukamilika 2014. Kati ya sura moja na nyingine, wasomaji wa manga hizo na watazamaji wa anime zilizotokana nazo walikuwa na nafasi ya kubishana: mhusika huyu ni nani hasa? Alizaliwa wapi? Kwa nini uso wake umefunikwa? Kwa nini hupenda kusikiliza habari za wenzake lakini za kwao huzikatiza? Majibu yao, yanapopangwa kwa hoja na kutegemezwa na ishara zilizomo katika matini, ndiyo yanayoitwa hapa nadharia za mashabiki.

Ni rahisi kuzipuuza nadharia hizo kuwa ni porojo za vijana. Hata hivyo, kazi inayofanywa ndani yake ni kazi ya uhakiki. Wolfgang Iser, katika maandishi yake ya miaka ya 1970, alieleza kwamba matini huwa na mapengo ambayo msomaji huyajaza, na kwamba maana huzaliwa katika ujazaji huo. Henry Jenkins, katika kitabu chake cha 1992, alionyesha kwamba shabiki hapokei tu anachopewa. Hukitwaa, hukipanga upya na kukifanya chake. Mawazo haya mawili yanatosha kueleza kwa nini nadharia za mashabiki huzuka. Hayatoshi kueleza kinachotokea zinapozuka mahali fulani badala ya pengine. Msomaji anayedokezwa na Iser akifunga kitabu, swali lake hufungwa pamoja nacho. Katika makazi ya wakimbizi swali hilohilo humsubiri nje ya mlango.

Makala hii inazisoma nadharia zenyewe kama matini na kuuliza mambo mawili. Kwanza, ni kwa vigezo gani nadharia moja kuhusu siri ya mhusika huwa bora kuliko nyingine? Pili, stadi hiyo ya kusoma ishara inafaa kuishia wapi inapokutana na maisha ya watu halisi?

2.0 Nakivale na Mbarara kama Mahali pa Usomaji

Makazi ya Nakivale yalifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Watutsi wa Rwanda walipokuwa wakiukimbia msukosuko ulioanza Novemba 1959. Ni miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Yako pembezoni mwa ziwa lenye jina hilohilo, katika Wilaya ya Isingiro, iliyomegwa kutoka Mbarara mwaka 2005, na yamegawanywa katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo. Wakazi wake, ambao idadi yao inapita laki moja, wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko. Mbarara, iliyopewa hadhi ya jiji Julai 2020, ndicho kituo kikuu cha biashara, hospitali na elimu ya juu katika eneo hilo. Mazao, wagonjwa, wanafunzi na simu zinazohitaji kutengenezwa hupita njia hiyo hiyo kati ya makazi na jiji.

Kiswahili kina hali ya pekee hapa. Kwa miaka mingi nchini Uganda lugha hii ilihusishwa zaidi na jeshi na polisi, na raia wengi waliitilia shaka. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yaliitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020 uliiweka katika masomo ya lazima ya miaka miwili ya mwanzo, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliridhia kuitumia kama lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wakati hatua hizo zikichukuliwa mjini Kampala, Nakivale ilikuwa tayari na maelfu ya wazungumzaji wa Kiswahili waliokuja nacho kutoka mashariki ya Kongo. Kwao Kiswahili ni lugha ya soko, ibada na mapenzi. Kinachotofautiana ni lahaja. Anayesema “batoto” badala ya “watoto”, au “niko nasoma” badala ya “ninasoma”, amekwisha kutaja upande aliotoka kabla ya kuulizwa.

Filamu nazo zimekuwa na njia zake katika eneo hili la Afrika. Nchini Uganda vibanda vya video, au bibanda, vilijenga desturi ya mfasiri anayeitwa VJ, ambaye huieleza filamu ya kigeni kwa Kiluganda huku ikiendelea. Kenya ilimpata DJ Afro na Tanzania ikampata Lufufu, waliofanya kazi inayofanana na hiyo kwa Kiswahili. Mfasiri wa aina hii hafasiri maneno pekee. Hutangulia kusema nani si wa kuaminiwa, hukumbusha tukio lililopita, na hueleza kwa nini mtu fulani amekasirika. Kwa maneno mengine, huyajaza mapengo mbele ya hadhira. Hadhira iliyolelewa na sauti hiyo haikuhitaji kufundishwa na Japani kwamba mhusika aweza kuwa na maisha mengine nyuma ya yale yanayoonekana.

3.0 Fumbo, Kinyume na Kinyago cha Tobi

Kabla ya kufika kwa Reiner, inafaa kutazama nadharia nyepesi zaidi ili vigezo vya tathmini vionekane. Katika Naruto, Tobi ni mtu wa kinyago chenye tundu moja tu, upande wa jicho la kulia. Baadaye anadai kuwa yeye ni Madara, shujaa wa zamani wa ukoo wa Uchiha. Kwa miaka kadhaa mashabiki wengi walishikilia kwamba hakuwa Madara bali Obito, kijana aliyedhaniwa kufa katika sehemu iliyochapishwa mwaka 2004, alipoangukiwa na jiwe upande wa kulia wa mwili na kumwachia rafiki yake Kakashi jicho lake la kushoto. Sura ya 599, iliyotoka 2012, ilithibitisha kwamba walikuwa sahihi.

Ushahidi wao ulikuwa wa aina mbili. Wa kwanza ulikuwa wa jicho: aliyetoa la kushoto amebakiwa na la kulia, na ndilo linaloonekana kwenye kinyago. Wa pili ulikuwa wa jina, na hapa msomaji wa Kiswahili ana chombo cha kwao. Watu wa pwani wana mchezo wa lugha unaoitwa kinyume, ambamo silabi ya mwisho ya neno huletwa mwanzo: “maji” huwa “jima”, “kitabu” huwa “bukita”. Mchezo huo ni mkongwe kiasi kwamba Edward Steere aliuwekea mifano katika mwongozo wake wa Kiswahili wa mwaka 1870. Obito akisemwa kwa kinyume huwa “to-obi”, na irabu moja ikidondoshwa hubaki Tobi. Kwa kuwa Kijapani, kama Kiswahili, hupenda silabi zinazoishia kwa irabu, mtoto aliyewahi kuwaficha wakubwa maneno yake kwa kinyume anaweza kulisikia jina la Obito ndani ya jina la Tobi bila msaada wa kamusi yoyote.

Nadharia hii ina nguvu kwa sababu ishara zake zimo katika matini na kwa sababu ilivumilia kupingwa. Wapinzani walitaja umri, kimo na nywele, na watetezi walilazimika kujibu kila hoja. Lakini ina upungufu. Swali lake lilikuwa “nani?” tu. Fumbo lilipofumbuliwa, kazi ya nadharia ilikwisha, na swali zito zaidi, la vipi kijana mpole aliyetoa jicho lake kwa rafiki alifikia kutaka kuifuta dunia, lilibaki halijaguswa na jicho wala jina. Wahenga husema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulifumbua. Methali hiyo humsifu mfumbuaji, lakini haisemi afanye nini na alichokifumbua.

4.0 Reiner Braun: Ishara na Hadithi ya Kuazima

Shingeki no Kyojin inaanza na watu wanaoishi ndani ya kuta tatu kubwa wakiamini kwamba nje hakuna binadamu waliobaki, ila majitu yanayokula watu. Katika mwaka ambao hadithi inauita 845, jitu kubwa kuliko ukuta linavunja lango la nje, na jitu jingine lenye ngozi ya deraya linavunja lango la ndani. Ukuta wa kwanza unapotea na umati unakimbilia ndani ya ukuta wa pili. Katika umati huo wamo wavulana wawili, Reiner na Bertholdt, wanaosema kijiji chao cha milimani kiliangamizwa. Wanafanya kazi mashambani pamoja na wakimbizi wengine, wanajiunga na jeshi, na Reiner anakuwa kama kaka mkubwa wa kikosi. Katika sura ya 42 anamwambia Eren, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba yeye ndiye jitu la deraya na mwenzake ndiye jitu kubwa.

Mashabiki wengi hawakushangaa. Nadharia yao ilikuwa imekusanya ishara tatu. Ya kwanza ni ya umbo: uso na nywele za jitu la deraya zilifanana na za Reiner, na urefu wa Bertholdt ulifanana na wa jitu jingine. Ya pili ni ya tukio: katika msafara wa nje ya kuta, Reiner anakamatwa na jitu la kike, anajinasua kwa upanga, na mara baada ya hapo jitu lile linatazama kiganja chake na kubadili mwelekeo kuelekea alipo Eren. Wasomaji makini waliuliza kilichokuwa kimeandikwa kiganjani. Ya tatu ni ya lugha: ndani ya ngome iliyoachwa, msichana aitwaye Ymir anapata kopo la samaki na kusoma maandishi yake bila shida. Maandishi hayo si ya watu wa ndani ya kuta. Reiner anagutuka kwamba ameweza kuyasoma, na kugutuka huko kunawafichua wote wawili, kwa kuwa mgeni pekee ndiye anayejua kwamba kuna cha kugutukia.

Ishara ya pili na ya tatu zinamkumbusha msomaji wa Kiswahili mkate wa Liyongo. Fumo Liyongo akiwa kifungoni alimtumia mama yake ujumbe wa mafumbo kupitia kijakazi Saada, akaletewa mkate wa makapi uliofichwa tupa ndani yake. Walinzi waliona chakula duni wakakipitisha. Kiganja, kopo na mkate hufanya kazi moja: kitu cha kawaida kinapita mbele ya macho ya wote, na maana yake inamfikia anayestahili tu. Tofauti ni kwamba msikilizaji wa utendi yuko upande wa Liyongo tangu mwanzo, ilhali msomaji wa Isayama yuko upande wa walinzi na hajui kwamba mkate umepita.

Ipo ishara ya nne, ambayo mashabiki hawakuweza kuijua mapema na ambayo ndiyo nzito kuliko zote. Habari za kijiji kilichoangamizwa, ambazo vijana hao waliwasimulia wenzao, hazikutungwa nao. Sura za baadaye zinaonyesha kwamba ziliazimwa kutoka kwa mkimbizi wa kweli, mtu mzima aliyewasimulia jinsi alivyowaacha watoto wake majitu yalipoingia, kisha akajinyonga. Hadithi ya uongo ya Reiner ilikuwa hadithi ya kweli ya mtu mwingine. Uongo wake haukuwa katika tukio bali katika mwenye tukio.

Jambo hili linabadilisha thamani ya nadharia nzima. Shabiki aliyetafuta kasoro katika habari za kijiji asingeipata, maana habari zenyewe zilikuwa sahihi: zilikuwa na kina, uchungu na mpangilio wa jambo lililotokea kweli. Zilisikika za kweli kwa sababu zilikuwa za kweli. Ukamilifu wa maelezo, kwa hiyo, hauthibitishi kwamba msemaji ndiye aliyeyaishi. Wala upungufu wa maelezo hauthibitishi kinyume chake.

5.0 Kutoka “Ni Nani?” hadi “Nani Alimfanya Hivi?”

Kama hadithi ingeishia katika sura ya 42, Reiner angekuwa mfano hatari: mkimbizi ambaye kumbe ni adui. Taswira hiyo ina historia ndefu katika siasa za dunia na haihitaji msaada wa sanaa. Mtazamaji aliyekaa Nakivale, anayejua jinsi tuhuma ya aina hiyo inavyoweza kuwaangukia watu wa kabila au nchi nzima, ana sababu ya kuitazama sura hiyo kwa wasiwasi.

Lakini hadithi haiishii hapo. Sehemu zinazofuata zinampeleka msomaji ng'ambo ya bahari, katika eneo la Liberio, ambako watu wa asili ya Eldia wamefungiwa mtaani na kulazimishwa kuvaa utepe mkononi. Reiner alizaliwa huko. Mama yake alitamani wapewe hadhi ya uraia wa heshima, na njia pekee ilikuwa mtoto wake kuchaguliwa kuwa mpiganaji wa dola iliyowafungia. Alipovunja lango alikuwa bado mtoto. Kumbe hata kabla ya kujifanya mkimbizi alikuwa amekwisha kuwa mtu wa kambi. Akili yake nayo imegawanyika: mara ni askari anayewapenda wenzake wa ndani ya kuta, mara ni mpiganaji aliyetumwa kuwaangamiza, na Bertholdt hulazimika kumkumbusha ni yupi kati ya hao wawili.

Hapa ndipo nadharia za mashabiki zinapotengana. Zipo zilizotosheka na neno “msaliti”. Nyingine, zikianzia katika ishara zilezile, zilirudi nyuma kuuliza ni dola gani humtuma mtoto vitani na kwa malipo gani. Kwa tathmini ya makala hii, kundi la pili ndilo lenye uhakiki bora, na sababu ni ya kifasihi kabla ya kuwa ya kimaadili: linaeleza matini nyingi zaidi. “Msaliti” hakuelezi kugawanyika kwa akili ya Reiner, wala uchungu wake, wala sababu ya mtunzi kumpa kurasa nyingi kiasi kile baada ya siri kufichuka. Hakuelezi pia kwa nini hadithi hiyohiyo inataja kwamba mwaka 846 serikali ya ndani ya kuta iliwatuma watu wapatao 250,000, wengi wao wakimbizi, kwenda “kuukomboa” ukuta kwa operesheni iliyowaua karibu wote huku ikipunguza midomo ya kulishwa. Dola zote mbili ziliwatumia watu wasio na sauti. Siri ya mhusika mmoja inafungua siri ya mpangilio mzima.

Uganda inaufahamu ugumu huu nje ya hadithi. Dominic Ongwen, aliyetekwa na Lord's Resistance Army akiwa mtoto na baadaye akawa kamanda, alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai Februari 2021 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 25 Mei mwaka huohuo. Majaji hawakukubali kwamba kutekwa kwake kulimwondolea hatia. Walikubali kwamba kulistahili kupimwa katika adhabu. Mashariki ya Kongo nako, Thomas Lubanga alihukumiwa na mahakama hiyo mwaka 2012 kwa kuwaingiza vitani watoto walio chini ya miaka 15. Hukumu hizo mbili, moja ya mtoto aliyekua kamanda na nyingine ya kamanda wa watoto, zinaonyesha kwamba swali la “nani alimfanya hivi?” halifuti swali la “alifanya nini?” Yanapaswa kuulizwa yote mawili, na kwa mpangilio unaoruhusu jibu la moja lisimeze jibu la jingine.

6.0 Pengo Lenye Mwenyewe na Pengo Lisilo na Mwenyewe

Stadi ya kusoma ishara ikishajengwa haina mipaka ya asili. Anayejua kuona maana katika tundu la kinyago anaweza kuiona pia katika kovu la jirani, lafudhi ya muuza duka, au ukimya wa mzee ambaye hataji mkoa aliotoka. Mahali ambapo watu waliokimbia vita vya pande tofauti huchota maji katika kisima kimoja, nadharia ya namna hiyo hubadilika jina na kuitwa uvumi, na uvumi una madhara ambayo hakuna sura inayofuata ya kuyarekebisha.

Tofauti ya msingi ni ya umiliki wa pengo. Reiner anapokatiza habari za kwao, ukimya huo ni wa Isayama. Ameuweka pale, anajua kilichomo ndani yake, na ameahidi kwa kitendo cha kuandika kwamba una maana. Mpenzi wa hadithi ana haki ya kuudai. Mtu halisi anaponyamaza, hakuna mtunzi aliyeahidi chochote. Huenda amesahau. Huenda anawalinda watoto wake. Huenda jambo lenyewe halina maneno. Au huenda alisema vizuri na ni tafsiri iliyopoteza.

Uwezekano huo wa mwisho unawahusu moja kwa moja washauri wa sera. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaruhusu watu kutambuliwa kwa kundi, na pia imeunda Kamati ya Ustahiki wa Wakimbizi inayopima maombi ya mtu mmoja mmoja. Katika tathmini ya mtu mmoja, maelezo ya mwombaji kuhusu maisha yake ya nyuma mara nyingi ndiyo ushahidi pekee alionao, na hutazamwa kama yanaoana. Sasa tuchukue Kiswahili cha kila siku. Mwombaji anasema “baba yangu” aliuawa, na katika mahojiano ya pili anasema “baba” ndiye aliyemvusha mpaka. Kwa msemaji hakuna mgongano: wa kwanza ni mzazi na wa pili ni baba mdogo, naye pia ni baba. “Ndugu” aweza kuwa wa tumbo moja, wa ukoo au wa kanisa. “Saa mbili usiku” kwa hesabu ya Kiswahili ni saa mbili baada ya jua kuzama. Kwa aliyezoea saa za Kifaransa au Kiingereza yaweza kuandikwa kuwa ni usiku wa manane. Maandishi ya afisa yatakuwa na mikinzano mitatu ambayo mwombaji hakuitamka hata mmoja.

Afisa akiisoma karatasi hiyo kama shabiki anavyosoma manga, ataona ishara. Ataiona kasoro kuwa ni tundu la kinyago. Kumbe Reiner ametufundisha kinyume chake: mwongo wa hadithi hii alikuwa na masimulizi yaliyonyooka kwa sababu aliyaazima yakiwa tayari yamenyooka. Mwenyewe wa masimulizi hayo ndiye aliyelemewa nayo hadi akajiua. Mwongozo wa UNHCR wa mwaka 1979 unaelekea upande huu unaposema kwamba wajibu wa kubaini ukweli hugawanywa kati ya mwombaji na mkaguzi, na kwamba shaka inayobaki baada ya juhudi za dhati isigeuzwe kuwa mzigo wa mwombaji anayeaminika kwa jumla. Kanuni hiyo hufundishwa kama ya kisheria. Inaweza kueleweka pia kama kanuni ya usomaji: usilitendee pengo lisilo na mwenyewe kana kwamba mtunzi ameliacha kwa ajili yako.

7.0 Hitimisho

Nadharia za mashabiki kuhusu siri za wahusika wa anime ni uhakiki, na kama uhakiki wowote zinaweza kupimwa. Nadharia nzuri huanzia katika ishara zilizomo, huvumilia kupingwa, hueleza sehemu kubwa ya matini, na huendelea kuwa na kazi baada ya siri kufichuka. Ile ya Tobi ilifaulu vigezo viwili vya kwanza. Zile bora kuhusu Reiner zinafaulu vyote vinne, kwa kuwa zilimfichua kisha zikamweleza.

Mapendekezo matatu yanafuata. La kwanza ni kwamba walimu wa Kiswahili wa sekondari, hasa katika shule zinazopokea watoto wa wakimbizi na wa wenyeji kwa pamoja, wazitumie nadharia hizi kufundishia hoja na ushahidi. Mwanafunzi anayeweza kutetea kwa dakika kumi kwamba Tobi ni Obito anahitaji tu kuonyeshwa kwamba anachofanya kina jina. Somo hilo likamilishwe kwa kutenganisha pengo la mtunzi na ukimya wa mtu. La pili ni kwamba wakalimani wa Kiswahili katika taratibu za wakimbizi waandaliwe kwa lahaja za mashariki ya Kongo na Burundi pamoja na Kiswahili sanifu, na istilahi za ukoo na saa ziandikwe kama zilivyotamkwa kabla ya kufasiriwa. La tatu ni kwamba mafunzo ya maofisa wanaopima maelezo yajumuishe uchambuzi wa masimulizi ya kubuni, ili waone kwa mfano usiomdhuru mtu jinsi hadithi iliyonyooka inavyoweza kuwa ya kuazima na iliyopinda kuwa ya kweli.

Mkimbizi aliyejinyonga katika hadithi ya Isayama hana jina ambalo mashabiki hulikumbuka, na ni nadharia chache zilizomshughulikia. Mwongo ndiye aliyevuta macho yote. Mtu huyo alisema yake yote, kwa mpangilio, mbele ya wasikilizaji wawili waliomwelewa kabisa. Uhakiki wa Kiswahili unaochukua makazi kama Nakivale kuwa mahali pa usomaji una kazi ya kumrudishia nafasi yake katikati ya hadithi.